Uvimbe kwenye titi: kupimwa vyote asubuhi moja maana yake nini?

Dada wa Kigamboni: Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 38. Nikiwa naoga niligusa kigololi kwenye titi la kushoto, hakiumi. Nilijua nitapewa vidonge nirudi zangu kuwahi pantoni. Daktari kanishika, palepale ultrasaundi, adhuhuri haijafika nimeshachukuliwa kinyama cha kupima. Niliowakuta kwenye benchi nimewaacha wamekaa. Kwa nini nikimbizwe hivyo kama si kansa? Mliopitia nisaidieni, silali.

Mama Pacha Tabata: Pole mwaya. Mimi nilikuwa nacho hichohicho, kikatoka uvimbe wa kawaida tu. Lakini wiki ya kusubiri majibu niliunguza wali mara tatu!

Mtumishi: Funga siku tatu, dada. Na tupunguze chipsi.

Kijana wa Buguruni: Hii chai. Mama yangu tumezungushwa wiki tano, leo foleni, kesho mashine mbovu. Wewe asubuhi moja umemaliza? Halafu majibu yako wapi? Mbona huyataji?

Dada wa Kigamboni: Si chai, kaka. Nilichomwa ganzi, nesi akanishika mkono akasema usishtuke, sindano ya kuchukulia kinyama italia. Ikalia kama stepla, mara nne. Vinyama vyembamba kama tambi vikaelea kwenye kichupa chenye jina langu.

Majibu yapo tayari tangu Jumanne ya juzi. Walipiga, nikazima laini. Baba watoto hajui, anadhani nilikwenda kupima macho. Kuna dawa ya mizizi Handeni ilimsaidia wifi yangu, nimeshatuma nusu ya pesa. Nimalize dozi, mwezi mmoja tu, ndiyo nikayachukue. Sioni ubaya.

Chausiku: Huyo wa Handeni anatibu na vidonda vya tumbo? Naomba namba.

Wa Maabara: Chausiku, subiri kwanza. Dada, kukimbizwa si hukumu. Uvimbe mgumu usiouma lazima uchunguzwe upesi, na uvimbe mwingi wa titi si kansa. Kijana wa Buguruni, picha inaisha siku hiyohiyo, kinyama hakiishi: kinalowekwa kwenye fomalini, kinawekwa kwenye nta, kinakatwa chembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anakisoma kwa darubini. Zile siku zinakwenda huko. Wanawake wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya kansa, ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na baadhi walianza na mizizi. Kigololi kikiwa kibaya, huo mwezi umekipa chenyewe kikue.

Kijana wa Buguruni: Samahani dada. Mama yangu naye alificha barua ya rufaa chini ya godoro. Washa laini.

Dada wa Kigamboni: Nimewasha. Simu tano, zote namba moja. Lakini pesa ya Handeni hairudi, jamani, na basi la huko ni Jumamosi. Wanampa ndugu majibu, au mpaka niende mwenyewe?

Mama Pacha Tabata: Mwenyewe. Kesho saa moja nakusubiri pantoni, upande wa Magogoni. Nitavaa dera la njano.