Naomba ushauri: natumwa peke yangu kufungua kanisa machimboni

Shalom wapendwa. Kanisa letu hapa Mbeya limenichagua nikafungue kanisa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Darasa la uanafunzi nimemaliza na wito ninao, ila natumwa peke yangu, bila posho. Nilimwonyesha mchungaji Marko 6:7, Yesu aliwatuma wawili wawili, na Matendo 13, kanisa la Antiokia liliwatuma Barnaba na Sauli (ndiye Paulo) pamoja. Akajibu kwamba imani yangu ni haba (iliniuma, sifichi). Cherehani ninayo, na Paulo naye alishona mahema Korintho, kwa hiyo kula si hoja. Ninachohofia ni upweke.

Je, niende huku nikiomba mwenzangu, au nisubiri kwanza? Na mliowahi kutumwa hivyo, mliongeaje na wazee wa kanisa bila kuonekana waasi?