Bastola ndogo za mfukoni: zihifadhiwe zikiwa nzima, au mitutu yao izibwe?

Fundi Saa:
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Inazidi kusikika hoja kwamba kila bastola ya zamani iliyo mikononi mwa raia izibwe mtutu na kuchomelewa hadi isiweze kufyatua tena, hata kama mwenyewe ni mkusanyaji mwenye kibali na hana risasi hata moja nyumbani. Mimi napinga, tena napinga kwa moyo wote. Marehemu mjomba aliniachia bastola ya kiwanda cha FN, ya risasi zenye kipenyo cha milimita 6.35, ile aliyoibuni John Browning ikatengenezwa Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, kabla kampuni ya Colt hawajaanza kuiuza ya kwao Marekani mwaka 1908. Urefu wake haufiki sentimita 12, na uzito wake hauzidi gramu 400. Ukitaka kuifungua huhitaji bisibisi: unairudisha nyuma kidogo sehemu ya juu, unauzungusha mtutu, yale meno madogo yaliyochongwa chini yake yanatoka katika mifereji yake, na chombo kizima kinaachia mkononi mwako kipande baada ya kipande. Nimetengeneza saa kwa miaka 31, na ni mara chache nimeona kazi ambayo kila sehemu inajua mahali pake namna hiyo. Ukiichomelea, moto unaunguza ile rangi ya buluu iliyokolea kama wino, springi zinalegea, na kinachobaki ni kipande cha chuma chenye umbo la bastola. Isitoshe, tusitishane bure. Risasi ya 6.35 ni dhaifu mno, na anayeiogopa anaogopa kivuli chake.

Nesi wa Zamu:
Nimekusoma kwa makini, kaka yangu, na ningekubaliana nawe katika mengi kama usingeandika sentensi ile ya mwisho. Usiku mmoja nikiwa zamu aliingia kijana anayetembea kwa miguu yake, amejishika ubavu, akituambia tusihangaike kwa kuwa ni kitu kidogo tu. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya kunde, na damu iliyotoka isingelowesha leso. Tulipomlaza, presha ikaanza kushuka, tukaongeza maji ya dripu, ikazidi kushuka, kwa sababu damu yote ilikuwa inamwagikia ndani ya tumbo. Kichwa cha risasi alichokitoa daktari wa upasuaji kingeingia ndani ya kifuniko cha kalamu. Kijana yule hakuiona asubuhi. Kwa hiyo usiniambie mimi kwamba naogopa kivuli.

Mpiga Shabaha:
Pole sana dada kwa uliyoyaona, na simaanishi kuyapuuza. Lakini mjadala hauwezi kuendeshwa kwa mgonjwa mmoja. Kichwa cha risasi ya 6.35 kina uzito wa gramu 3 na kitu, kinatoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 230 kwa sekunde, na nguvu yake haifiki jouli 100 (jouli ni kipimo cha nishati). Risasi ya Parabellum ya milimita 9, ambayo ndiyo inayobebwa na polisi na majeshi mengi duniani, inapita jouli 450. Fundi Saa alisema ni dhaifu, na kwa kipimo hicho amesema kweli. Ndiyo maana hakuna jeshi lililompa mwanajeshi wake kibastola cha mfukoni likategemea arudi hai.

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, hesabu zako ni nzuri lakini historia imekupita. Majenerali wa Marekani walikuwa wakikabidhiwa Colt ya mfukoni ya milimita 7.65 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na walikuwa wanajeshi. Na kama tunapima silaha kwa jouli, hebu pima hii: mwaka 1914, pale Sarajevo, mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe waliuawa kwa Browning ya mfukoni ya 7.65, ile ya mwaka 1900, na kutokana na risasi mbili za bastola hiyo ndogo dunia nzima ikaingia vitani. Mimi sioni udhaifu wowote hapo.

Mpiga Shabaha:
Mwalimu, kwa heshima zote, hiyo si kweli. Bastola aliyotumia muuaji, Gavrilo Princip, ilikuwa FN ya mwaka 1910, wala si ya 1900, na ilikuwa ya milimita 9 fupi (risasi fupi kuliko ile ya Parabellum), si 7.65. Kosa hili limenakiliwa kitabu hadi kitabu. Bastola za kundi la wauaji wale zimewekwa katika makumbusho ya kijeshi ya Vienna. Tena 9 fupi ina zaidi ya mara mbili ya nguvu ya 6.35, kwa hiyo mfano wako haugusi kabisa bastola ya mjomba wake Fundi Saa. Na wale majenerali walipewa Colt kama alama ya cheo. Haikuwa silaha ya kuingia nayo vitani.

Mwalimu Mstaafu:
Nakubali sahihisho la mwaka na la kipenyo, na nakushukuru. Lakini angalia unachokifanya. Nimekueleza watu wawili waliokufa ndani ya gari wakiwa wameketi ubavu kwa ubavu, nawe umenijibu kwa milimita. Dada yetu hapo juu amekueleza kijana aliyekata roho mbele ya macho yake, ukamjibu kwa jouli. Katika miaka yangu ya darasani nilifundisha wanafunzi wengi hodari wa namba, na waliokuwa hodari zaidi walijua namba inaanzia wapi na inaishia wapi.

Mpiga Shabaha:
Sikubali kuhukumiwa kwamba sina utu kwa sababu tu nimetaja kipimo sahihi. Walioleta swali la nguvu ya risasi si mimi. Nimeshika bastola za michezo tangu nikiwa na miaka 19, sijawahi kumwelekezea kiumbe yeyote mtutu, na kila ninapomaliza mazoezi naisafisha, naikagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, kisha naifungia. Watu kama mimi ndio sheria inawabana kwanza, na ndio tunaotukanwa kwanza.

Binti wa Mhunzi:
Naomba turudi kwenye chuma chenyewe, maana nimekaa nikisubiri mtu azungumzie uzuri wake na naona tumezama katika vifo. Bastola hizi ndogo ziliwalazimisha mafundi kufikiri upya. Ukiwa na nafasi kubwa, kosa la nusu milimita linasamehewa. Ukiwa na chombo kinachokaa kiganjani, halisameheki. Katika Colt za mwanzo za 6.35, triga na pini kadhaa zilipashwa moto taratibu hadi chuma kikageuka rangi ya shingo ya tausi, na fundi aliyechelewa kuzitoa motoni alilazimika kuanza upya. Mwaka 1952 kiwanda cha Beretta cha Italia kilitoa bastola yake ya 950 ambayo mtutu wake unainuka kwa mbele ukisukuma kishikio kidogo ubavuni, hivyo mwenye vidole dhaifu anaweza kuweka risasi au kuitoa bila kuvuta sehemu ya juu. Ni wazo rahisi mno, na kila nikilitazama nasikia furaha ileile aliyokuwa nayo baba alipotoa jembe zuri motoni. Mwishoni kabisa kwa udogo kuna bastola ya Kolibri ya Austria, milimita 2.7, ambayo kichwa cha risasi yake kina uzito wa gramu 0.2 tu na mtutu wake hauna hata ile mifereji ya ndani ya kuizungusha risasi. Hiyo nayo mtaichomelea? Kwa faida ya nani?

Mama wa Watatu:
Dada, nimeyapenda maelezo yako, nawe unaonekana kuipenda kazi hii kwa dhati. Lakini umesema jambo ambalo limenikosesha usingizi, nalo ni kwamba mwenye vidole dhaifu anaweza kuitumia. Mwenye vidole dhaifu kuliko wote nyumbani kwangu ana miaka minne. Bunduki kubwa mtoto anaishindwa kwa uzito wake. Hii ya gramu 400 analingana nayo, inamkaa mkononi kama alivyokaa mdoli wake, na inang'aa. Nyinyi mnauita udogo huo ufundi, na mimi kama mzazi ndio unaonitisha kuliko jouli zote zilizotajwa hapa. Naomba Fundi Saa anijibu bila kuzunguka: mjomba alipokuwa hai, bastola ile ilikuwa inakaa wapi?

Fundi Saa:
Swali lako ni halali, mama, nami nitalijibu. Mjomba aliiweka katika droo ya meza yake ya kusomea, chini ya barua. Nilipoifungua kwa mara ya kwanza baada ya msiba nilitoa magazini, kile kikasha cha risasi, nikahesabu risasi tano, nikadhani nimemaliza. Kisha nikavuta sehemu ya juu kwa desturi tu, na risasi ya sita ikaruka kutoka chemba ikaangukia kwenye mkeka. Bastola yake ni ya zile za awali ambazo usalama wake ulitegemea kile kibamba cha nyuma ya mpini kinachobonyezwa na kiganja. Ukiishika tu vizuri, kizuizi kimeondoka. FN baadaye waliongeza komeo la pembeni, na kizuizi kinachozuia isifyatue magazini ikiwa nje, wakaitangaza kwa jina la usalama wa mara tatu. Ya mjomba haina hivyo. Kwa maana hiyo ilikaa miaka na miaka, tayari kufyatuka, na mimi nikiwa mtoto nimecheza chini ya meza ile.

Lakini nasisitiza, kosa lilikuwa la utunzaji. Kuzibwa kwa mtutu sicho kilichokosekana.

Nesi wa Zamu:
Ulikuwa na ushahidi huo tangu mwanzo, na bado ukatuandikia kwamba anayeiogopa anaogopa kivuli chake.

Mpenda Sheria:
Naona mnasahau kwamba nchi nyingine zimeshapita njia hii. Marekani ilipobana udhibiti wa silaha mwaka 1968, ilizuia bastola ndogo kuingizwa kutoka nje kwa kuzipima urefu na kimo na kuzipa alama. Bastola ya Kijerumani ya Walther PPK ikakosa kufikia kipimo kwa kiasi kidogo tu, basi kiwanda kikachukua sehemu ya juu ya PPK, kikaiweka kwenye kiwiliwili kirefu kidogo cha PP, bastola yake nyingine, kikaiita PPK/S, na biashara ikaendelea. Baby Browning ya Ubelgiji, bastola nyingine ndogo ya FN, haikuweza kunyooshwa hivyo, nayo ikazuiwa. Sheria iliyopima kwa rula ilipata ilichostahili. Uingereza ilifanya vizuri zaidi: baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane mwaka 1996, bastola karibu zote zilipigwa marufuku mwaka uliofuata, lakini zile za kihistoria zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1919 zikaachiwa wakusanyaji zikiwa nzima. Mfano huo unamtosha Fundi Saa.

Mwalimu Mstaafu:
Haumtoshi, na safari hii nimehakikisha kabla ya kuandika. Kigezo cha mwaka 1919 hakisimami peke yake. Ili mtu akae nayo nyumbani, bila risasi, ni lazima iwe ya aina ambayo risasi zake hazipatikani kwa urahisi. Risasi za 6.35 zinatengenezwa mpaka leo. Bastola ya namna hiyo, ikionekana ina thamani ya kihistoria, huhifadhiwa mahali maalumu palipoidhinishwa, na mwenyewe huenda kuitazama huko. Naona hekima kubwa katika utaratibu huo. Kitu hakiharibiwi, rangi yake ya wino haiungui, na hakuna droo wala meza.

Binti wa Mhunzi:
Mwalimu, kuitazama kwa ratiba nyuma ya kaunta si sawa na kuimiliki. Anayependa kazi ya mikono huijua kwa kuifungua, kuipaka mafuta na kuifunga tena mara mia, na kila mara anagundua jambo. Mkinipa nafasi ya kuchagua kati ya kuzibwa mtutu na kuiacha mahali hapo, nitachagua hapo, lakini nitalia.

Mpiga Shabaha:
Na mimi nauliza, mbona hakuna anayezungumzia risasi? Bila risasi hata bastola ya Parabellum haina madhara zaidi ya nyundo. Dhibitini risasi, acheni chuma.

Mama wa Watatu:
Mjomba wake Fundi Saa naye alijua kwamba bila risasi haina madhara. Alikuwa nazo sita.

Fundi Saa:
Nimeyasoma tena yote niliyoandika tangu juu. Dada Nesi, naifuta ile sentensi ya kivuli, na nakuomba radhi wewe pamoja na familia ya kijana yule ambayo siijui. Sikupaswa kupima hofu ya watu kwa uzoefu wangu wa mezani. Msimamo wangu kuhusu kuchomelea haujabadilika hata kidogo. Mama wa Watatu hajaniuliza iko wapi sasa, lakini nitamwambia. Zile risasi sita nilizipeleka polisi wiki ileile nikapewa stakabadhi. Bastola imo katika sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, na ile pini inayogonga risasi nimeitoa. Nimeiviringisha katika karatasi ya mafuta na kuifungia kazini, pamoja na pini za saa. Sijaharibu chochote, wala haiwezi kufyatua.

Nesi wa Zamu:
Nimekupokea, kaka, na nashukuru. Ninalotaka kujua ni hili: utakapokuwa haupo, nani anajua kwamba pini iko huko, na ataambiwa na nani asiirudishe?