Muvi za madude: umecheka, mara roho inakuuma. Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, nimemaliza *Colossal* ya 2016 nikabaki sijui nicheke au ninune. Gloria (Anne Hathaway) hana kazi, pombe imemshika, mpenzi wake New York kamfukuza. Anarudi mji aliokulia. Kumbe akikanyaga kiwanja cha watoto asubuhi, dude linaibuka Seoul na kuigiza kila anachofanya. Akijikuna kichwa, nalo linajikuna. Nilicheka sana. Halafu Oscar, rafiki wa utotoni mwenye baa, anageuka kuwa mnyanyasaji hasa: wivu, vitisho, ngumi. Kwangu mwongozaji Nacho Vigalondo kashona vitambaa viwili visivyoshikana. Nyie ipi iliwavuruga hivi?

Mama Wawili: Nakupinga, kaka. Nimeishi na Oscar wangu. Mcheshi wa mtaa mzima, akiingia harusini meza yote inahamia kwake. Umeona Oscar anavyompelekea Gloria televisheni bila kuombwa? Pale nilisimamisha muvi nikaenda kuchemsha chai. Wangu alianza na friji. Baadaye kila tukigombana, friji linatajwa. Muvi ingeanza na giza, mngeuliza yule dada alifuata nini kwa huyo mwanaume. Sasa mlicheka naye wenyewe, mnajua alifuata nini.

Mbagala Juu: Mimi *The Host* ya Bong Joon-ho, 2006, kibanda umiza. Familia inamlilia binti aliyebebwa na dude la mto Han, wanagaragara sakafuni wanakabana, wapiga picha wamewazunguka. DJ anatafsiri na kuongeza vituko vyake, kibanda kizima hoi. Nikamlaani. Baadaye nimeiona kwa Kikorea: hata bila DJ wanachekesha, na bado unalia. Na ile sumu inayomwagwa kwenye sinki mwanzoni mwa muvi imetokana na kisa cha kweli cha mwaka 2000, kambi ya jeshi la Marekani pale Seoul.

Shangazi wa Tanga: *Gremlins*, 1984. Niliwawekea watoto wa kaka sikukuu ya Krismasi. Kate, dada mmoja wa kwenye muvi, akaanza kusimulia baba yake alivyofia kwenye bomba la moshi akiwa kavaa kama Baba Krismasi. Nikazima.

Mleta mada: Mama Wawili, la televisheni nalichukua. Ila wa Seoul waliokanyagwa nani kawalilia? Tunarudishwa baa tu.

Mama Wawili: Si Gloria aliwaandikia radhi mchangani kwa Kikorea? Ulikuwa umesinzia, kaka.