"Gari iko sawa bosi, sakafu ndiyo imeinama"

Babu620:
Wakuu, leo salamu sina. Ndiyo kwanza nimetoka kwa fundi, mikono bado inanuka oili. Mods, huu uzi msiuunganishe na ule wa wauza vipuri, tafadhalini.

Simtaji. Hakuna haja. Mwenye pikapu ya Datsun 620 humu ambaye hajawahi kupita kwa yule wa kijiti mdomoni anyooshe mkono tumwonee wivu.

Gari yangu ni ya 1974. Bodi nimeinyoosha, rangi imekaa, herufi za DATSUN kule nyuma zimetimia zote sita. Zilibaki kazi tatu tu: kuishusha kidogo, kuifunga ekzosi mpya, na kuitoa injini ya L16 ya cc 1595 niweke L20B ya cc 1952. Injini za ukoo mmoja, wala siyo kazi ya kuitia mtu uchizi.

Nafika, naikuta imelala kushoto. Sisemi imeinama, nasema IMELALA. Taa ya kulia inatafuta ndege, ya kushoto inatafuta sisimizi. Nikamwambia, "Fundi, mbona gari imelala upande?" Akakihamisha kijiti kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine, taratibu, hana haraka. Akaitazama gari. Akanitazama mimi. Akanishika bega:

"Gari iko sawa bosi. Sakafu ndiyo imeinama."

SAKAFU.

Mbele ya vijana wake wote! Mmoja alicheka hadi spana ikamtoka mkononi.

Tukaisukuma nje. Imelala vilevile. Nikamuuliza, na hapa je? "Na hapa pameinama." Yaani dunia yote imeenda upande, zilizonyooka ni tosheni ba, zile fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi za mbele, alizofunga yeye peke yake!

Nyuma hakuweka bloku, vile vipande vya kuishushia gari, kati ya springi na ekseli kama watu wenye akili zao. Kazichoma springi kwa gesi hadi zikalegea, sasa gari tupu, haijabeba hata shuka, ekseli inagonga chasisi. Ekzosi ni bomba la inchi 3 lililokatwa kabla ya tairi ya nyuma, sailensa hamna. Nikiwasha, marehemu wanaomba tupunguze sauti. Boneti kaitoboa na grainda "ili injini ipumue", halafu kingo za tundu kazipaka rangi kwa brashi. Brashi ya ukutani, nywele zake bado zimeganda pale.

Hayo ningemeza. Ila sakafu? Mtu umeshamlipa hela yake yote, anakushika bega, anakwambia SAKAFU?

Nisaidieni kukasirika, peke yangu nimechoka.

SpanaKumi:
Hahahaaa sakafu! Mkuu, ipeleke hiyo sakafu wili alaimenti.

MamaKabureta:
Pole kaka. Mimi nilimwambia taa ya oili haizimi. Akasema nishukuru, maana yake balbu ni nzima.

Cheni_na_Taimingi:
Tosheni ba za 620 zina alama, L na R. Chuma chake kimeandaliwa kujisokota upande mmoja, ukizibadilishana zinachoka haraka na zinaweza hata kuvunjika. Chungulia mwisho wa kila ba. Kama ziko sahihi, kila moja ina boliti ya kurekebishia pale inaposhikiliwa kwa nyuma. Piga jeki uzito utoke, kaza ya upande uliolala, teremsha, sukuma gari mbele na nyuma ikae, ndipo upime. Boneti ndiyo imeniuma zaidi. Datsun wenyewe waliifunga L20B kwenye 620 za soko la Marekani tangu 1975, na boneti ilifunga bila tundu lolote.

Babu620:
Nimeingia chini na tochi. Ya kulia imeandikwa L.

YA KULIA. IMEANDIKWA. L.

Nimempigia simu. Kasema alama zile ni za kiwandani, huku mtaani hazitumiki.

SpanaKumi:
Nimelala chini. Nahisi na mimi kwangu pameinama.

Hilux_Damu:
Mngenunua Hilux msingekuwa mnalia lia humu.

MamaKabureta:
Hilux ipi, ile yako iliyo juu ya mawe tangu ujiunge?

Hilux_Damu:
Inasubiri gasketi. Tusivunjiane heshima.

Mchokozi:
Mleta mada nawe una mambo. Ulitaka ekzosi ya kelele, umeletewa kelele, unalia kelele. Ingawa inchi 3 kwenye injini ya lita 2 isiyo na tabo, hapo kakukomoa, 2 na robo ilitosha na kubaki. Weka picha tuone. Uzi wa gari bila picha ni umbea.

Babu620:
Picha nimepiga. Tatizo kwenye picha gari inaonekana imenyooka, nyumba ndiyo imeinama.

SpanaKumi:
Fundi aombwe radhi.

Mchokozi:
Fundi aombwe radhi haraka sana.

Babu620:
NILISHIKA SIMU VIBAYA. Mikono inatetemeka kwa hasira!

Rangi_Mbili:
Afadhali wewe una la kurekebisha kwa boliti. Mimi mtu wa rangi kanipakia gari na nzi ndani. Nzi kamili, mabawa yote mawili, kalala chini ya kliya, ile vanishi ya juu, kwenye herufi T kule nyuma. Nikamwonyesha. Akainama, akamkagua, akasema huyo alikuja mwenyewe.

MamaKabureta:
Nzi mmoja unalia? Yule wa viti alinishonea siti, kitambaa changu kikabaki, akajishonea kofia. Na anaivaa. Nikipita ananivulia.

Cheni_na_Taimingi:
Turudi kwa L20B. Bloku ya injini yake imeizidi ya L16 urefu kwa kama milimita 20, kwa hiyo hedi iliyo juu yake inapanda, na manifodi, pale bomba la ekzosi linapofungwa, inapanda nayo. Bomba likipimwa kwa injini ya zamani halifiki, na mafundi wengine hulivuta kwa nguvu hadi boliti zishike. Manifodi ikipata moto, inapasuka. Legeza zile boliti uone kama bomba litaruka.

Mchokozi:
Mzee, hakuna aliyeuliza.

Babu620:
Mimi nimeuliza! Na limeruka! Limenipiga goti! Kwani suala la sakafu limeishia wapi?

Rangi_Mbili:
Huyu nzi kila nikiosha gari anang'aa zaidi. Nikimkwangua, rangi yote ya nyuma inarudiwa.

SpanaKumi:
Mwache, sasa ni wa kiwandani.

MamaKabureta:
Mwenye kofia kapita sasa hivi.

Hilux_Damu:
Samahani kutoka nje ya mada. Kuna mwenye gasketi ya hedi ya injini ya 18R?

MamaKabureta:
Ninayo. Imetumika mara moja tu.

Hilux_Damu:
Kwa nini ilitolewa?

MamaKabureta:
Njoo PM.