Mama anafanyiwa operesheni ya goita, muziki akiwa nusu kaputi unasaidia?

Kitindamimba: Wakuu, wakubwa shikamooni. Mama yangu (61) anaingia thieta Alhamisi ijayo, goita. Kisu hakiogopi, anachoogopa ni ile nusu kaputi. Tangu apewe tarehe, usiku halali, namkuta kakaa barazani kabla ya adhana. Mdogo wangu kasikia kuna wagonjwa huwekewa muziki masikioni mpaka operesheni iishe. Nimwekee kaswida kwenye simu, au daktari atanicheka?

Kabwela: Mtu kalala fofofo atasikia nini? Hiyo hela ya spika mnunulie kuku wa supu.

Sista wa Zamu: Kabwela, macho ya mgonjwa tunayafunga kwa plasta; sikio halina kope. Niko kitengo cha usingizi mwaka wa tisa. Mwaka 2020 Wajerumani walichapisha utafiti wa wagonjwa 385, wote nusu kaputi. Baadhi waliwekewa muziki wa taratibu na maneno ya kutuliza, dakika 20 inapiga, 10 kimya. Wengine waliwekewa spika masikioni bila sauti yoyote. Waliosikilizishwa walitumia dawa za maumivu za jamii ya morfini pungufu kwa theluthi moja hivi katika saa 24 za kwanza. Kabla ya hapo, 2015, jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 73: muziki ulipunguza maumivu na wasiwasi, hata kwa waliolala, ingawa walio macho walinufaika zaidi. Ila dawa ya usingizi iko palepale, muziki hauchukui nafasi yake.

Kitindamimba, tatizo lenu ni goita yenyewe. Shingoni ndiko kwenye kazi, waya hautapitishwa hapo. Mwambie daktari wa usingizi siku anayokuja kumpima mama, msingoje asubuhi ile mlangoni. Wakikataa msigombane: asikilize wodini mpaka anaingia, na akizinduka mrudishieni. Wakikubali, sauti iwe ndogo. Sisi mle ndani tunasikiliza mashine, oksijeni ikishuka na mlio wake unashuka.

Mzee wa Ngiri: Mimi nilichomwa sindano ya mgongo, macho makavu, nasikia kila kitu. Daktari kaweka singeli! Nikawa najiuliza kama kisu nacho kinafuata mdundo. Muulizeni mama anachotaka, msimchagulie.

Kabwela: Hahaha mzee pole. Sista nimekuelewa, lakini kuku asisahaulike.

Sista wa Zamu: Kuku baadaye, akisharuhusiwa kula. Na nyimbo ziwe ndani ya simu tayari, msitegemee bando.

Kitindamimba: Ahsanteni. Nimemuuliza mwenyewe. Kasema kaswida atasikiliza wodini, ila mle ndani awekewe taarabu, "ya zamani, si hizi zenu za kelele." Jumatatu tunaonana na daktari wa usingizi, namwambia hivyohivyo.