Modeli yangu ya hisa za DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) imepata alama 0.98. Niiamini?

Mwanjelwa_Data: Habari wakuu. Nina bei za kufunga za benki za CRDB na NMB, kampuni ya saruji ya Twiga na benki ndogo mbili tangu 2018. Nimefundisha modeli ya akili mnemba itabiri bei ya kesho: data nimeichanganya bila kufuata tarehe, asilimia 80 ya kufundishia, 20 ya kupimia. R mraba (kipimo cha utabiri unavyolingana na bei halisi, 1 ndiyo kamili) ni 0.98. Programu ya kugawa mtaji nayo inataka zaidi ya nusu ya pesa iende kwenye benki ndogo moja. Niifuate?

Mafinga_Hesabu: Usinunue bado, mkuu. Bei ya kesho huwa karibu sana na ya leo, kwa hiyo hata ukikadiria tu kwamba kesho ni kama leo utapata alama hiyohiyo. Ipime uone. Tabiri badiliko la asilimia, siyo bei. Halafu usichanganye tarehe, maana modeli inasoma Jumatano ndipo inaulizwa Jumanne. Fundisha 2018 hadi 2022, pima 2023, sogeza mwaka mmoja, rudia. Gawio nalo lirudishe kwenye hesabu, likishakatwa kodi ya asilimia 5. Hisa ikianza kuuzwa bila haki ya gawio bei hushuka, na modeli inadhani kampuni imeharibikiwa.

Uyole_Hatifungani: Kubwa zaidi ni hiyo benki ndogo. Hisa za namna hiyo zinaweza kumaliza wiki nzima bila kuuzwa hata moja, na kwenye faili bei inajirudia: 420, 420, 420. Programu inaona haiyumbi na haifuatani na hisa nyingine, basi inairundikia pesa. Kumbe haina mnunuzi tu! Angalia safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Penye sifuri acha wazi, usijaze bei ya jana. Tumia mabadiliko ya mwezi. Kisha weka ukomo: usishike zaidi ya unachoweza kuuza kwa siku 10, ukichukua sehemu ya kumi ya mauzo ya siku. Zikiuzwa wastani wa hisa 500 kwa siku, mwisho wako ni hisa 500.

Mwanjelwa_Data: Na gharama za dalali niziweke vipi?

Mafinga_Hesabu: Anza na asilimia 2 kununua na 2 kuuza, kisha weka viwango halisi vya dalali wako. Ukipanga upya mgawanyo wa hisa kila wiki faida yote inaishia huko. Panga kila robo mwaka.

Uyole_Hatifungani: Na kama una pesa utakayoihitaji karibuni, mfano ya mbolea ya Novemba, usiiingize humo kabisa. Iweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao ni rahisi kutoa pesa.