Tupeane uzoefu: mchezo wa chesi uliokuwa mkononi, ukaponyoka

Mtundu wa Ilala
Jana klabuni dogo mmoja kamwachia malkia bure, akaganda kama kaona nyoka. Nikakumbuka yangu. Wakuu, mwageni zenu.

Kizito
Ligi ya klabu, dakika 90 kila mtu, hakuna nyongeza. Mpinzani mzee wa kofia, hasemi, kazi yake kahawa tu. Karibu saa tatu zimekatika, nimemfyeka kete zote, kabaki mfalme mtupu kwenye kona ya h8. Mimi nina mfalme na malkia. Wallahi nilishaandika 1–0 kwenye karatasi. Zimebaki sekunde kama 40, nikamtupa malkia g6 kwa mbwembwe, nikabonyeza saa. Mzee hakugusa kitu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaniuliza taratibu: "Sasa mwanangu, mimi niende wapi?" Nikatazama. g8 hawezi, g7 hawezi, h7 hawezi, na cheki (kumshambulia mfalme) sikumpa. Hana pa kwenda na hana cheki, basi ni sare! Akanipa mkono, akaenda zake kuswali. Mimi nilikaa pale mpaka wakaanza kufagia ukumbi.

Shemeji B
Hahahaa "niende wapi"! Pole mkuu.

Bibi Ngome
Mie nilitaka kumficha mfalme (ile hatua moja ya kusogeza mfalme na ngome pamoja), nikaanza kushika ngome. Jamaa akaita refa. Ukianza na ngome hufichi tena upande ule, unaicheza hiyohiyo ngome. Nikafungwa.

Drafti Milele
Ndiyo maana sisi tuko kwenye drafti.

Bibi Ngome
Drafti gani, watazamaji ndio wanacheza! Kaa hukohuko.

Drafti Milele
Dada, povu la nini?

Zee la Saa
Kizito usijilaumu. Kramnik, bingwa wa dunia wa wakati huo, 2006 kule Bonn alikuwa anacheza na kompyuta ya Deep Fritz, akasogeza malkia e3, akapigwa chekimeti (mfalme kanaswa, mchezo umekwisha) ya hatua moja h7. Hatua MOJA.

Shemeji B
Dawa: mpe cheki kila hatua, sare ya namna hiyo haiji.

Zee la Saa
Cheki za ovyo zinakula saa. Mbane na malkia, kisha umlete mfalme wako.

Bibi Ngome
Dawa ni kukalia mikono.

Drafti Milele
Dawa ni drafti.

Kizito
Ratiba imetoka. Jumamosi, raundi ya pili, mimi na yule mzee. Kahawa nitamnunulia mwenyewe.